Vifaranga Walioletwa na Ndege

Wazee wenzangu wakianza kuisifu Bukavu ya zamani, maua kila kona, barabara bila shimo, nyumba zimepakwa chokaa hadi zinaumiza macho, mimi hushughulika na chai yangu. Mji ulikuwa mzuri, sikatai. Lakini kukaa humo kulikuwa kwa ruhusa. Baba alikuwa na karatasi ya wakoloni ya kumruhusu kuishi mjini kwa sababu alikuwa na kazi, na nyumba yetu ya mtaa wa Bagira, ya matofali, yenye sakafu ya simenti na mlango wa kufuli, ilikuwa inafuata ile kazi kama mkia unavyomfuata mbuzi. Kazi ikiisha, karatasi inaisha. Karatasi ikiisha, mnafunga mizigo mnarudi kijijini, mpende msipende.

Kazi ya baba iliisha kwa sababu ya kikohozi. Ujana wake aliumalizia chini ya ardhi kule Kamituga, akichimba dhahabu ambayo hakuwahi kuivaa hata kidoleni, na alitoka huko na vumbi lililogoma kutoka kifuani. Alipokuja mjini akapata cheo cha kapita kwenye depo moja, kazi ya kivulini, ya kusimamia magunia, akadhani amepona. Vumbi lilimsubiri. Nilipokuwa na umri wa kubeba mdogo wangu mgongoni bila kuyumba, baba alikuwa hawezi tena kupanda kilima cha Bagira bila kusimama mara kadhaa, ameshika kiuno, akijifanya anaangalia ziwa. Bwana wake akachoka kusikia kile kikohozi deponi. Akampa mshahara wa mwisho na kumpa mkono, jambo ambalo baba alilisimulia kwa fahari siku nzima, kana kwamba kupewa mkono ni kupewa shamba.

Mzungu aliyesimamia nyumba za Bagira alimwita baba ofisini wiki hiyohiyo. Alikuwa na Kiswahili kile chao cha kuamrisha. “Wewe hapana kazi, wewe hapana Bagira. Onyesha kazi, baki. Mimi nitapita, nitaangalia.”

Na kurudi kwetu Nyantende kulikuwa nini? Shamba la babu lilikuwa limeshachukuliwa na baba yetu mkubwa, na kipande tulichobakishiwa kilikuwa kwenye mteremko ambao hata mbuzi huushuka kwa kufikiri. Mtu aliyekuwa akihema kwa kupanda ngazi za ofisi angelima pale na mapafu gani? Bagira, kulikuwa na hospitali ya kwenda kwa miguu, kulikuwa na sindano za kifua. Mama alilisema waziwazi mbele yetu sisi watoto, hakuwa mtu wa kutuficha: “Tukirudia Nyantende, papa yenu atakufa.” Ndivyo nilivyojua kwamba nyumba ile na pumzi ya baba vilikuwa kitu kimoja.

Kazi ambayo baba aliipata kichwani mwake ilikuwa kuku. Msiicheke. Kuku wetu tunawajua: anaamka alfajiri, anapanda mlima, anashuka mlima, anapigana, anatafuta riziki yake mwenyewe, na ukimchinja unamtafuna hadi taya zinaomba msamaha. Wazungu hawakumtaka huyo. Mpishi wa hoteli moja ya kando ya ziwa, aliyesali na baba kanisa moja, alimwambia kwamba bwana wake analia kila siku kutaka kuku mweupe, mnene, laini, anayelelewa kwa kukaa tu na kula. Deponi baba alikuwa ameona kitabu cha picha cha shamba moja la Ulaya lililokuwa linauza vifaranga wa kuku hao kwa posta. Unaandika, unalipa, wanapandishwa ndege wakiwa wametoka kwenye yai siku hiyohiyo, wanakuja. Baba akaandika. Mshahara wote wa mwisho ukapanda ndege ya kwenda, ili kuku wapande ndege ya kurudi.

Mtaa mzima ulijua. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo usiolala, alikuwa akipita mbele ya nyumba na ndoo yake kichwani akiuliza, “Maman, wageni wenu ba ndege bako wapi? Bado banatafuta viza?” Mama alicheka naye. Siku zile mama alikuwa bado anacheka, na nataka hilo lijulikane, maana waliomfahamu baadaye hawaniamini.

Lazima nieleze mama alikuwa mtu gani, la sivyo yaliyotokea yataonekana ni upumbavu, na sitaki mtu amwite mama yangu mpumbavu.

Kabla yangu alizaa mtoto wa kiume, huko Nyantende, katika nyumba ya nyasi yenye moshi, mbuzi wamelala upande mmoja na watu upande mwingine, kama wote walivyoishi. Mtoto akafa kabla hajaota jino. Mama alimpeleka zahanati ya masista akiwa tayari amelegea, na sista mmoja, mzungu, akamfunua mtoto, akaona mikunjo ya shingo, akaona kitovu, akamwambia mama mbele ya wanawake wote waliokuwa kwenye foleni: “Uchafu umemuua mtoto wako.” Labda ilikuwa kweli, labda ilikuwa malaria. Sista huyo hakukaa kufikiri. Alilisema akaenda kunawa mikono.

Mama alilibeba neno lile hadi Bagira. Kulikuwa na nyumba waliyoiita foyer, ambako akina mama wa mjini walifundishwa kushona, kupiga pasi na kuosha watoto. Wengine walikwenda kwa ajili ya vitambaa. Mama alikwenda kama mtu anayekwenda kuungama. Alijifunza kulijaribu joto la maji kwa kiwiko, kuosha macho kwanza kwa kitambaa chake, kisha kichwa, kisha mikunjo yote, kisha nyuma. Mwisho wa mwaka mmoja walimpa zawadi ya nyumba safi kuliko zote: beseni la enameli, jeupe, lenye ukingo wa buluu. Mdogo wangu aliogeshwa humo asubuhi na jioni hadi nikamwonea huruma. Sakafu yetu ilipakwa nta nyekundu, ikang'aa, ukiingia na miguu yenye tope mama alikuangalia tu miguu. Nasi hatukuugua. Kwa hiyo mama alikuwa na ushahidi.

Vifaranga walifika katikati ya masika, siku ya mvua ile ya Bukavu inayonyesha bila haraka, kama haina pengine pa kwenda. Baba aliazima baiskeli, akateremka posta, akarudi akiisukuma kilima chote, makatoni mawili yamefungwa nyuma, ameyafunika kwa koti lake. Yeye mwenyewe alikuwa maji matupu. Aliingia, akaweka makatoni juu ya ile sakafu nyekundu, akakaa kitini, hana pumzi ya kusemea. Lakini alikuwa anatabasamu. Kutoka ndani ya makatoni zilitoka sauti ndogo nyingi sana, na mdogo wangu akaanza kupiga makofi mgongoni mwangu.

Mama alifungua katoni la kwanza. Harufu ilitupiga usoni. Walikuwa wamesafiri wamebanana, wamekanyagana, na kila mmoja amepakwa mavi ya wenzake. Wengine chini walikuwa wameshakufa, wamekuwa bapa. Waliobaki, manyoya yao ya manjano yalikuwa yameganda vipande vipande, na nyuma, pale pa kutolea uchafu, pameziba kabisa kwa gundi kavu. Walitutazama kwa macho meusi na kupiga kelele.

Jirani alikuwa ameshaingia bila kubisha. Aliinama, akaangalia. “Hii batoto, mama yao iko wapi?”

“Hakuna mama,” baba akasema. “Banatokaka mu mashine.”

“Mutoto gani iko bila mama?” Jirani alitingisha kichwa. “Hapa hapana, mutaona shida.”

Mama aliingiza mkono katonini. Nilimwona anamshika mmoja, anamgeuza, anaangalia pale palipoziba. Nilimjua mama yangu usoni. Alikuwa amerudi kwenye ile foleni ya zahanati.

“Mama yao ndiyo miye,” akasema, na akaniagiza nikachukue beseni.

Maji aliyapasha moto, akayajaribu kwa kiwiko. Aliwaosha mmoja mmoja kwa sabuni, macho kwanza, na kitambaa chake, kisha kichwa, kisha chini ya yale mabawa yasiyokuwa mabawa bado, kisha nyuma, taratibu, hadi ile gundi ikalainika ikatoka. Kila aliyeoshwa alibadilika kuwa shingo na macho tu. Manyoya yalilala, ngozi ya waridi ikaonekana. Mama aliwafuta kwa kitenge chake cha kanisani, akawapanga karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akawaambia maneno ya Kimashi, lugha ya kwetu, ambayo huambiwa watoto wachanga. Sijapata kuona mikono inayofanya kitu kwa upendo kama ile. Nasema upendo kwa sababu ndilo neno lenyewe.

Kuku wa kijijini haoshwi na mtu. Kila mtu anajua hilo. Lakini hawa hawakuwa kuku wa kijijini. Walikuwa wamekuja kwa ndege, kutoka kwa wale waliotufundisha kuosha. Mtu angewaza nini?

Jioni ilipoingia alikuwa amemaliza katoni la kwanza. Baba alimwambia apumzike, wa katoni la pili wataoshwa kesho. Waliachwa humohumo na uchafu wao, katoni likasogezwa pembeni ya moto, likafunikwa kwa gunia.

Asubuhi baba alitoka mapema kwenda kumwarifu bwana wa ofisi ya nyumba kwamba kazi yake imefika kutoka Ulaya. Alivaa koti la Jumapili ingawa lilikuwa bado bichi. Hakutaka kutuamsha, kwa hiyo hakuangalia.

Mama ndiye aliyeangalia. Wale aliowaosha walikuwa wamelundikana kwenye kona moja, wamepandana kutafuta joto, nao wote walikuwa wamekufa, isipokuwa wawili watatu waliokuwa wakifungua mdomo bila sauti. Katoni la pili lilikuwa linapiga kelele kama soko.

Nyinyi mnaosoma mmeshaelewa. Mimi mwenyewe leo, nikiwa mzee, naelewa, na ningependa kurudi pale nimshike mama yangu mikono yote miwili kwa nguvu. Lakini mama alikuwa na somo lake, alilifundishwa kwa kifo, na somo lile lilikuwa limemwambia jambo moja tu. Aliona kwamba alichelewa. Uchafu ulikuwa umeshawaingia wale wa kwanza kabla maji hayajawafikia, na sasa hawa wa pili wamelala usiku mzima ndani ya uchafu uleule.

“Leta maji,” akaniambia. “Haraka, mutoto wangu, haraka, hawa bangali bazima.”

Akawaosha wote. Alifanya kwa kukimbia, anaomba Mungu, jasho linamtoka, na mimi nilipasha maji na kumwaga maji na kupasha mengine. Mvua haikuwa imekatika. Hakukuwa na jua la kuwaanika. Aliwaweka juu ya sakafu aliyokuwa ameifuta kwanza, ili wakanyage pasafi, na pale juu ya nta miguu yao iliteleza, mmoja huku, mwingine huku, wakakaa wametanuka hawawezi kunyanyuka. Walitetemeka. Zile kelele zikaanza kupungua, na mama akafurahi kidogo, akasema, “Unaona, sasa banapumzika.”

Hivyo ndivyo baba alivyotukuta. Aliingia na habari njema mdomoni, kwamba bwana wa ofisi atapita kesho kuona, na habari ikamfia mdomoni. Aliangalia lundo la wafu kando ya mbabula. Aliangalia katoni la pili, tupu. Aliangalia beseni, na mama amepiga magoti mbele yake, mikono imekunjamana kwa maji. Nilimwona akielewa. Uso wa baba haukuwa na pa kuficha kitu, ulikuwa umekonda mno. Alifungua mdomo, nami nikajua anachotaka kusema, nikamwogopea mama.

Kisha kikohozi kikamshika. Kilimshika kwa muda mrefu, akainamia ukuta, na kilipomwachia alijifuta mdomo na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Ni ndege.”

“Ndege?” mama akauliza.

“Ile ndege. Kule juu baridi inaingia mu mifupa. Balishakufa tangu mu ndege, sema tu hawakujua. Hata ungefanya nini, maman. Hata ungefanya nini.”

Akavua koti, akafungua vifungo vya shati, akaanza kuwaokota wale waliokuwa bado na uhai na kuwaweka kifuani mwake, juu ya ngozi, akafunga shati juu yao. Alinipa mimi wangu wa kuweka kwapani. Mama naye akachukua wake. Tulikaa hivyo mchana kutwa, watu watatu tumekumbatia vifaranga, mdogo wangu analia njaa na hakuna anayenyanyuka. Baba kila akikohoa lile shati lilipanda na kushuka, na sauti ndogo zikasikika kutoka ndani. Kuelekea jioni alikohoa na sauti hazikusikika. Hakufungua shati. Aliendelea kuwashika.

Wangu nao walikuwa wameshapoa kwapani, nami nikazidi kuwabana.

Bwana wa ofisi alikuja kesho yake kama alivyoahidi. Kwa mambo kama hayo wazungu hawakuwa na uongo. Mama alikuwa ameamka mapema, ameosha kila kitu, amepaka sakafu nta mpya. Mzungu alisimama mlangoni, akaangalia chini, akavutiwa kabisa, akavua kofia. “Nyumba safi sana,” akamwambia mama. “Safi sana. Bagira yote hapana nyumba kama hii.” Kisha akamgeukia baba. “Kuku wapi?”

Baba akamweleza habari ya ndege. Alieleza kwa adabu, amenyooka, na aliomba apewe muda aagize wengine, ingawa sote tulijua hakukuwa na kitu cha kuagizia. Mzungu alisikiliza. Hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo linanichoma zaidi, maana kama angepiga kelele ningekuwa na wa kumchukia. Alisema pole. Akachukua karatasi ya baba, akaiweka mfukoni, akatuambia mwisho wa mwezi nyumba itakuwa na mtu mwingine. Alipokuwa anatoka alikanyaga kwa uangalifu asije akaichafua sakafu.

Wahenga wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi nilikuwa nikidhani methali ile inawahusu wale kuku weupe. Tulipokuwa tunateremka Bagira na vitanda vyetu juu ya mkokoteni, jirani mwenye mdomo anatusindikiza na mzigo wetu mmoja kichwani, nikajua wageni walikuwa nani.

Nyantende baba hakulima. Alijaribu, akaketi juu ya mpini wa jembe akihema. Alilolifanya kwa bidii ni kusimulia. Kila aliyekuja kutusalimu alisimuliwa habari ya vifaranga waliokufa kwa baridi ya mawinguni. Aliiongezea chumvi kila mara: rubani alisahau kufunga dirisha, barafu ilishika makatoni. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kuku apande ndege! Walimpa jina la utani, wakamwita kwa jina hilo sokoni, na yeye akaitika. Baba, mtu aliyekuwa na heshima yake, kapita wa depo, akakubali kuwa kichekesho cha kijiji ili habari ile isibadilike. Mama alikuwa akikaa palepale, anachambua maharage ndani ya beseni jeupe, bila kuinua kichwa.

Baba alikufa mvua zilipokuwa zinarudi, kama mama alivyosema. Hata siku ya mwisho, alipokuwa anaongea kwa vipande, alimshika mama mkono akasema, “Ile ndege, maman.” Mama akajibu, “Ndiyo, ni ndege.”

Miaka ikapita, nami nikazaa mtoto wangu wa kwanza, palepale Nyantende, katika nyumba ya mama. Kwetu anayemwogesha mtoto wa kwanza ni mama wa mzazi. Ni haki yake, hakuna wa kumnyang'anya. Wanawake walichemsha maji, wakayaleta ndani ya lile beseni lenye ukingo wa buluu, lililokuwa limeota kutu sehemu sehemu. Mtoto alikuwa bado na damu yangu, analia. Shangazi mmoja akamnyanyua, akamwelekeza kwa mama. “Kamata mujukuu wako, umwoshe.”

Mama alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Mikono yake aliificha makwapani.

“Miye hapana,” akasema. “Mwingine amwoshe.”

Wanawake walidhani anatania. Walimbembeleza, wakamcheka, wakamwambia yeye ndiye aliyefundishwa na masista, yeye ndiye mwenye zawadi. Mtoto alikuwa analia. Mimi niliita kutoka kitandani, “Mama, kwa nini?”

Alinitazama mimi peke yangu, kama hakuna mwingine chumbani.

“Ile ndege haikuua kintu, mutoto wangu,” akasema.

Shangazi akamwosha mtoto. Maji yalipokwisha kumwagwa nje, mama alikuja akakaa kitandani kwangu, akapokea mtoto aliyekwisha kukaushwa na kufungwa, akampakata bila kumgusa ngozi. Nilitaka kumwambia kwamba baba alijua, na kwamba alikufa akidhani amemficha ukweli. Nikamwangalia usoni, nikaona kwamba hilo pia alilijua, na kwamba miezi yote ile alikuwa anachambua maharage akimsikiliza baba anavyochekwa kwa ajili yake.